Dakika Mbili za Mama Makundi

Wifi yangu ni mwalimu, na hilo peke yake lingetosha kumchosha mtu wa kawaida. Yeye akaona halitoshi, akajitwika na jingine: kuwafundisha walimu wenzake namna ya kufundisha. Kama hujawahi kumfundisha mwalimu, kaa na bahati yako. Mwanafunzi asiyejua hunyamaza kwa aibu. Mwalimu asiyejua husimama akakusahihisha.

Watu wanamwita Mama Makundi. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa darasa la tano, kwa sababu hakuna kitu alichoweza kukitazama bila kutaka kukigawa katika makundi. Aliwahi kulazwa hospitali akapasuliwa kidole tumbo, na kabla nyuzi hazijatolewa wodi nzima ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Mtunza muda alikuwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, na nasikia manesi walikuwa wanamwogopa. Lakini kwangu mimi wifi ni wifi. Ameolewa na kaka yangu, fundi bomba, kwa hiyo nina haki kamili ya kumsema, na haki hiyo naitumia bila ubahili. Tena tulifundisha shule moja, yeye darasa la tano na mimi la pili, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta wa mbao uliopitisha kila kitu isipokuwa hewa.

Ninachotaka kusimulia ni mwaka wake wa mwisho kazini. Alikuwa anastaafu shule zikifungwa, na alikuwa na haja moja tu, aliyonichosha nayo asubuhi na jioni: kwamba akishaondoka, walimu wa shule zetu nne waendelee kukutana na kufundishana bila yeye. Hakutaka zawadi wala hotuba.

"Wifi," aliniambia, "hili jambo likifa siku nikiondoka, basi miaka yote hii nilikuwa napiga kelele tu."

Nilimwambia angalau zilikuwa kelele zenye mpangilio. Hakucheka.

Ili uielewe hofu yake, inabidi nikurudishe nyuma kwenye mradi. Mradi ulikuja na gari lenye kiyoyozi. Ulikuja na fulana, na kofia, na kalamu zilizoandika mpaka jioni ya siku ile ile, na wawezeshaji wenye beji shingoni. Walitukusanya ukumbini walimu wa shule nne, yaani yetu, ya kilimani, ya sokoni na ya reli, wakatuambia zama za mtu mmoja kusimama mbele na kusema peke yake zimekwisha. Walituambia hayo wakiwa wamesimama mbele, wakisema peke yao, kutwa nzima.

Mbinu yenyewe, tulipokuja kuielewa nzima baadaye, ilikuwa nzuri, sikatai, mimi si mtu wa kubishia kila kitu. Watoto wanakaa katika kundi dogo. Kila mmoja ana kazi yake, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake, na kundi halihesabiwi limefaulu mpaka kila mtu ndani yake ameelewa. Kuna kanuni moja wifi aliipenda kuliko zote. Siku ya kulipima kundi, humwiti yule mjanja anayerusha mkono juu. Unamwita yule wa pembeni aliyenyamaza. Akiweza yeye, kundi limeweza.

Halafu wawezeshaji wakatoa kali yao. Wakasema ipo mbinu ya vipande: somo unaligawa, kila mtu anakwenda kukisoma kipande chake mpaka kimemwingia, kisha wote wanakutana, kila mmoja anawafundisha wenzake cha kwake, na somo linakuwa zima. Na ili tuonje utamu wake sisi wenyewe, wakaigawa semina yenyewe vipande vinne. Shule ya kilimani ilifundishwa kuwakalisha watoto katika makundi. Sisi tulifundishwa kugawa kazi ndani ya kundi. Shule ya sokoni ilifundishwa namna watoto wanavyoulizana kabla ya kumwuliza mwalimu, na shule ya reli ikafundishwa kutoa maksi za kundi. Kukutana na kuunganisha vipande kukawekwa kwenye semina ya pili.

Umeshajua. Semina ya pili haikuja. Mradi ulikuwa umefikia ukomo wake, kwa lugha yao laini. Lakini hawakutuacha hivi hivi, wastaarabu wale, walituachia kamati. Kamati ya Uendelevu, mwenyekiti wake Mwalimu Mkuu wetu. Kamati hiyo ilikaa mara moja tu, ikajadili kwa kirefu nani atatunza vitambaa vya meza vilivyobaki kwenye semina, ikaamua atatunza mwenyekiti. Ukiniuliza ni kitu gani kiliendelea katika ule uendelevu, nitakupeleka ofisini kwake nikuonyeshe vitambaa.

Basi kila shule ikarudi kwao na kipande chake, na kwa kuwa walimu ni watu watiifu, kila shule ikakitekeleza kama ilivyoagizwa. Kilimani watoto wakakaa duara, nusu yao wakiupa ubao kisogo, kila mmoja akinakili peke yake kimya kimya huku shingo imepinda. Kwetu watoto walikaa mistari kama enzi za babu zao, wote macho mbele, ila kila mmoja alikuwa na cheo. Mwenyekiti hakuweza kuwaona wajumbe wake mpaka ageuke, na akigeuka tulimgombeza kwa kugeuka. Sokoni mtoto alikatazwa kumwuliza mwalimu kabla hajawauliza wenzake watatu. Walimu wa pale waliielewa kanuni hiyo upesi kuliko kanuni yoyote waliyowahi kufundishwa, wakahamia chumba cha walimu kunywa chai.

Na reli, jamani, reli! Kule makundi hayakuwepo kabisa, lakini maksi za kundi zilikuwepo. Mtoto alikokotoa hesabu zake peke yake, akapata alichopata, kisha akachanganyiwa na watoto wanne ambao hajawahi hata kuwasalimia, wote wakapewa maksi sawa. Wazazi walifika pale na hasira zao zote, na sioni kama walikosea.

Sote tuliamini tunafanya kujifunza kwa kushirikiana. Hakuna aliyekumbuka kwamba ameshika robo ya kitu, na hakuna aliyekwenda kuchungulia kwa jirani, maana kwenda kuchungulia kwa jirani kulikuwa ni kazi ya semina ya pili.

Wifi aligundua tulipokuwa kwenye usahihishaji wa mitihani ya pamoja, pale walimu wa shule zote wanapofungiwa chumba kimoja na kalamu nyekundu. Mwalimu mmoja wa kilimani alikuwa analalamika kwamba mbinu ile haifai, inawaumiza watoto shingo.

"Shingo?" akadakia wa reli. "Bora nyie shingo. Sisi inatuletea wazazi."

Wifi akaweka kalamu chini. Akaanza kuwauliza mmoja mmoja, ninyi kwenu mnafanyaje, na ninyi je, na kadiri walivyojibu ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Mimi nilicheka mpaka nikachafua karatasi ya mtoto wa watu. Yeye aliona haya, haya ya kweli, utadhani ile semina aliiendesha yeye.

"Tumewapa watoto robo," akasema. "Na wametuamini."

Hapo ndipo alipokata shauri. Walimu watakutana wenyewe, Jumamosi, kila shule ifundishe kipande chake. Aliiomba Kamati ya Uendelevu ukumbi wa shule. Mwalimu Mkuu akasema ni wazo zuri sana, ila lazima kamati ikae kwanza, na kukaa kwa kamati kuna taratibu zake. Najua ni taratibu zipi: vitambaa vilikuwa havijafuliwa. Basi wifi akatoa sebule yake.

"Posho ipo?" walimu waliuliza alipokwenda kuwaalika.

"Hakuna."

"Cheti je?"

"Hakuna."

"Sasa Mwalimu, tunakuja kufanya nini?"

"Kujifunza," akasema, na walimu wakatazamana kama watu waliotukanwa.

Walikuja, tena wengi kuliko nilivyotegemea. Sebule ile ina makochi mawili na kabati la vyombo, na nyuma ya kochi moja kaka huweka mabomba yake ya plastiki. Viti viliazimwa kwa majirani, vikaisha. Mwalimu mmoja wa sokoni, mtu mzito mwenye mawazo mazito, alikalia choo cha kukaa kilichokuwa bado kwenye boksi lake kikisubiri kupelekwa kwa mteja, na tangu siku hiyo kiti hicho kikawa chake. Kaka yangu alifukuzwa na redio yake akaenda kusikilizia mpira jikoni.

"Mimi nilioa mke mmoja," aliniambia huku amejibana kati ya jiko na ndoo. "Huu umati mwingine umetoka wapi?"

"Hiyo ndiyo elimu, kaka," nikamjibu.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba mwalimu akishaanza kusema hana breki. Wifi akaweka sheria: kila mtu dakika mbili, kisha zamu ya mwingine. Akachukua saa ya mezani ya kaka, ile ya kengele, akamkabidhi kijana mmoja wa shule ya reli tuliyemwita Mwalimu Kimya. Yule bwana alikuwa mwoga wa watu wazima kiasi kwamba akiombwa kupitisha sukari alitetemeka. Ndiye huyo huyo akafanywa mtunza muda. Kengele ikilia, alimtazama msemaji kwa macho ya huruma, msemaji akaendelea, na Kimya akaizima kengele taratibu kama aliyekosa yeye. Kisha wifi mwenyewe akaingilia: "Zamu ya mwingine!"

Sitasema uongo, mambo yalianza kubadilika. Kilimani watoto walipewa kazi ndani ya yale maduara yao, shingo zikapumzika. Walimu wa sokoni walirudi darasani, wengine kwa shingo upande. Kwetu tuligeuza madawati. Na mimi, niliyekuwa nakwenda Jumamosi kwa sababu ya chai na umbea, niligeuza ya kwangu pia, ili wifi aache kunitazama vile. Wiki hiyo hiyo mtoto mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu shule ifunguliwe alimwinamia mwenzake akamwambia, "Hapana, siyo hivyo, tazama." Nilijifanya natafuta chaki.

Lakini kulikuwa na kichekesho kimoja ambacho wifi hakukiona, na mimi ndiye niliyezaliwa kumwonyesha. Aliyewaita watu ni yeye. Aliyechemsha chai ni yeye. Aliyefungua mada, aliyesahihisha, aliyekatiza, aliyefunga, aliyewasindikiza mpaka barabarani huku bado anafafanua, ni yeye. Zile dakika mbili zilikuwa za watu wengine.

"Wifi," nikamwambia tukiosha vikombe, "hilo kundi lako lina mjumbe mmoja. Waliobaki ni mashahidi."

Alininunia kutwa. Jumamosi iliyofuata akauliza nani ataongoza safari ijayo. Lo, sikuwahi kuwaona walimu wakipendezwa na dari kiasi kile. Mmoja akagundua kamba ya kiatu imelegea. Yule wa sokoni akawa anasoma maandishi ya boksi lake. Wifi akasubiri, akasubiri, mwisho akasema basi ataongoza yeye, na sebule nzima ikashusha pumzi. Mwezi uliofuata akauliza tena, ikawa vile vile. Nilimwona alivyokwenda jikoni akasimama mbele ya birika bila kulishika. Alikuwa anaogopa, na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaacha utani nikalibeba birika.

Siku ya kuagwa ikafika. Mwalimu Mkuu alitoa hotuba ndefu. Alisema juhudi za mwenzetu hazitapotea, Kamati ya Uendelevu ipo imara na itayaendeleza yote. Na ili kuthibitisha uimara huo, meza ilitandikwa vitambaa. Doa la soda la semina ya kwanza lilikuwa pale pale, mbele ya sahani ya wifi. Alilitazama muda wote wa hotuba, na watu wakadhani ameinama kwa kuguswa.

Shule zilipofunguliwa, Jumamosi ya kwanza, nilikwenda kwake mapema. Nilisema nimekuja kumsaidia kupanga viti. Ukweli ni kwamba nilihofu atakuwa peke yake. Nilimkuta amefagia, ameazima viti, birika limejaa. Saa ya mezani ilikuwa haionekani, akaitafuta kila mahali, akasema ameipoteza kwa uzee. Kaka alikuwa ameshahamia jikoni na redio yake bila kuambiwa.

Tukakaa. Muda wa kuanza ukafika, ukapita. Chai ikapoa. Kila kishindo cha barabarani wifi aliinua kichwa, na kila kishindo kilikuwa cha mtu wa nyumba nyingine. Hakuna aliyekuja, hata yule mwenye boksi lake.

"Limekufa," akasema.

Nilijisikia vibaya, nikataka kuwatukana walimu wote wa dunia kuanzia na mimi. Kaka akatokea mlangoni, amezima redio, akatuangalia na vile viti vitupu.

"Kwani nyie hamwendi?" akauliza.

"Twende wapi?"

"Si reli? Jana nilikwenda kuwafungulia bomba la uani lililoziba. Walisema leo wana mkutano wa walimu, wanataka maji ya chai. Nikajua ndio huu wenu."

Wifi alisimama kama alivyo, gauni la nyumbani na kandambili miguuni, akatoka. Nilimkimbilia nyuma. Njia nzima alikuwa anatema maneno.

"Wamenificha! Mimi! Nyumbani kwangu walikunywa chai, leo wananificha!"

"Na mimi wamenificha," nikasema, "na bado nafundisha." Baadaye niliambiwa sababu: wanaujua mdomo wangu. Nilikasirika sana, hasa kwa kuwa ni kweli.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Darasa la mwisho, madirisha wazi, kelele za watu wazima wanaobishana. Madawati yalikuwa yamegeuzwa. Walimu walikuwa wengi kuliko sebule ile ilivyowahi kumeza, wengine sura ngeni kabisa. Birika lilikuwa dirishani, na vikombe havikutosha, wanapokezana. Wifi alipoingia wakasimama wote kama darasa la tano. Wakamtazama kwa hatia.

"Mama," akasema yule mzito wa sokoni, "tulitaka kujaribu kwanza. Ukiwepo wewe, sisi hatufanyi kitu. Tungekuja kukuambia."

Wifi akawaambia wakae, akavuta kiti, akakaa katika kundi lililokuwa karibu na mlango. Wakaendelea, kwa woga. Mzito wa sokoni alikuwa anafafanua namna ya kulipima kundi, na alikuwa anaharibu. Alisema mwalimu amwite yule mtoto mwerevu awasemee wenzake, ili muda usipotee. Nilimwona wifi anavyojishika kwenye kiti. Alijishika kadiri alivyoweza, yaani kidogo sana, kisha akasimama.

"Hapana! Hapana, hapana, hiyo siyo!" Akaanza. Akaeleza kundi ni nini, akaeleza maksi ni za nini, akarudi kwenye mradi, akapita kwenye shingo za kilimani, kidole juu, sauti imejaa, na walimu wakaanza kuegemea nyuma kwa raha, kila mtu amepumzika, mikono imeenda kwenye vikombe. Mwenye kazi yake alikuwa amefika. "Humwiti mjanja!" akasema. "Mjanja anajisemea nafsi yake. Ukitaka kujua kama kundi limeelewa, unamwita—"

Kengele ikalia. Ilikuwa saa ya kaka, ile iliyopotea.

Mwalimu Kimya alikuwa amekaa pembeni kabisa, ameishika kwa mikono miwili. Nikasubiri ile huruma yake, kisha aizime, na wifi aendelee. Akaizima kweli. Halafu akasimama.

"Mama," akasema. "Mama, dakika zako mbili zimekwisha. Zamu ya mwingine."

Nilitaka kumzaba kofi. Mwanamke ametoa sebule yake, chai yake, Jumamosi zake, amemlea huyo huyo na kutetemeka kwake! Wifi alibaki kidole juu na mdomo wazi. Alimtazama Kimya. Aliitazama saa. Kisha akashusha mkono, akakaa.

Mwalimu mgeni wa kilimani akachukua zamu yake, akasema haoni kwa nini mwerevu asemee wengine, darasani kwake alishajaribu hivyo, haikufaa. Wakabishana. Wifi aliziba mdomo kwa kiganja mpaka mwisho wa mkutano, na mara mbili nilimwona akiuma kidole.

Tulirudi polepole, kandambili zinapiga lami.

"Hawakunisikia mwisho wake," akasema tulipokaribia nyumbani.

"Mwisho wa nini?"

"Wa nilichokuwa nasema. Unamwita nani."

"Unamwita yule wa pembeni," nikasema, maana nilikuwa nimeyasikia hayo mara elfu. "Yule aliyenyamaza."

Wifi akasimama katikati ya njia. Akanitazama kana kwamba nimemwambia jambo geni, kisha akageuka akatazama kule reli tulikotoka, ndipo akaendelea kutembea.

Nyumbani, kaka alikuwa bado jikoni na redio yake. Wifi akamwita aje akae sebuleni. Akaja kwa mashaka, akachagua kochi, akaweka redio juu ya lile boksi la choo.

"Limekufa au halijafa?" akauliza.

"Halijafa," wifi akasema. Akaketi kando yake, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Kaka akapunguza sauti ya mpira, na mimi nikaanza kurudisha viti vya watu.